Je, Wajua? Digidigi Hajali Kijani Chako

Mtu akitaka kujificha vichakani Bura, hukimbilia kukata matawi mabichi na kujisetiri nayo mpaka masikioni. Jasho la bure. Jicho la digidigi lina aina mbili tu za seli za kupokea rangi, hivyo kijani na nyekundu kwake hukaribia kufanana. Kinachomshtua ni mkono unaoinuka kufukuza nzi, au kichwa cha mtu kinachojichora mbele ya anga. Ndiyo maana kichaka kinene mgongoni kina faida kuliko majani ya mbele. Keti chini, kivulini. Mbele weka matawi machache tu ya kuvunja umbo la mabega.

Kanga ndiye mtihani. Ana aina nne za seli za rangi, na huona sehemu ya mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwetu. Matawi ya jana yaliyonyauka kwa jua yatakusaliti. Shati jeupe nalo vilevile: sabuni nyingi za unga zina kemikali ya kung'arisha inayogeuza urujuanimno kuwa mng'ao wa samawati. Afadhali kikoi kikuukuu kilichopauka.

Sasa, ukae wapi? Digidigi dume na jike hulinda eneo lao pamoja, wakirudi kunya palepale mpakani, na hupaka vijiti ute mweusi wa tezi iliyo karibu na jicho. Ukiona lundo la vinyesi na kijiti chenye tone jeusi, umefika. Upepo utoke kwao uje kwako. Akikunusa atapiga mluzi kwa pua, na nyika nzima itajua.

Waaweer, jamii ya wawindaji wa Ijara, waliishi kwa elimu hii hadi Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Marufuku naiunga mkono. Kinachoniudhi ni kuizika elimu pamoja na upinde. Arawale, hifadhi iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya swala aitwaye hirola, inahitaji macho yanayojua kuotea kuliko inavyohitaji mabango. Na matawi ya kujisetiri yasiwe ya mgunga. Kata mathenge, uliopandwa Bura miaka ya 1980 uwe kuni, ukageuka mvamizi. Hata hivyo kisiki kitachipua tena.

Matumizi mengine ya maficho kama haya: kuhesabu ndege, kupiga picha, kuvizia nyani shambani, somo la wanafunzi, kukwepa jua la saa saba.