Gemu ya hoki: Usimlaumu kipa, jifunze kumpanga

UNAONGOZA 3-2, zimebaki dakika mbili. Mpinzani anapiga pasi moja ya kukata uwanja, shuti, goli. Dakika moja baadaye anarudia mchezo ule ule na mechi imeenda. Unatupa kontrola kwenye kochi: “Huyu kipa ni bure kabisa!”

Pole msee, lakini mara nyingi kosa si la kipa. Ukiingia kwenye NHL ya EA Sports na akili ya gemu za soka, utachapwa kila siku. Kipa wa hoki ya barafuni ana kazi tofauti.

Na mchezo wenyewe si mgeni kwetu. Ice Lions walijifunzia kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Nairobi, na mwaka 2024 Kenya ilipokelewa katika shirikisho la dunia, IIHF.

Anza na hesabu. Lango lina upana wa sentimita 183 na urefu wa sentimita 122 pekee. Kinachopigwa si mpira wa duara bali kisahani kigumu cha raba, na shuti la kilomita 130 kwa saa si ajabu. Likitoka mita 10, linafika kwa sekunde 0.28 hivi. Jicho lione, kidole kibonyeze, kipa asogee? Muda hautoshi. Ndiyo maana kipa mzuri haruki kama paka. Anaziba nafasi kabla shuti halijapigwa.

Anaziba kwa engo. Chora akilini mstari kutoka kwenye kisahani hadi katikati ya lango, kisha msimamishe kipa juu ya mstari huo. Fuata kisahani, si mwili wa mshambuliaji, mwili utakudanganya.

Halafu kuna kutoka. Tuseme mpigaji yuko mita 6 mbele ya lango. Kipa akibaki kwenye mstari wa goli, ana sentimita 183 za kulinda. Akisogea mbele mita moja na nusu, anabaki na kama sentimita 137. Amepunguza karibu nusu mita na hata hajainua mkono.

Lakini usilewe sifa. Kipa aliyetoka sana akikatwa kwa pasi ya upande wa pili, safari ya kurudi ni ndefu na lango liko wazi. Mpigaji akiwa mbali na hana mwenzake, toka. Ukinusa pasi, rudi karibu na mstari.

Sasa ile staili ya kipepeo: magoti chini, miguu imetandazwa pande zote. Patrick Roy wa Canada aliipa umaarufu mkubwa. Inafunga chini vizuri sana, ila inaacha wazi nafasi za juu ya mabega, na kipa aliye magotini husogea polepole. Wengi hubonyeza kitufe hicho mapema. Mpinzani mjanja anangoja tu, anainua kisahani juu, kwisha wewe. Baki wima hadi uone gongo linashuka kupiga.

Kama kipa anaendeshwa na kompyuta, bado una kazi. Mwachie yeye mpigaji, wewe kata pasi ya kuvuka mbele ya lango, kwa sababu hiyo ndiyo inayomhamisha kipa kutoka kwenye engo yake. Pia usimpange difenda wako mbele ya macho yake. Kipa asiyeona kisahani hawezi kukizuia.

Katika NHL 24, kipa anayeshambuliwa mfululizo pia huchoka na kufungika kwa urahisi. Ukibanwa, acha mbwembwe za kutoka na pasi fupi. Toa kisahani nje ya eneo lako, au kipa akifunike firimbi ilie.

Leo jaribu hivi: ingia sehemu ya mazoezi, chukua kipa, na kwa dakika 10 usiguse kipepeo kabisa. Sogea tu na kujipanga. Ukifungwa, tazama marudio na ujiulize swali moja: kisahani kilipopigwa, kipa wangu alikuwa amesimama wapi?