Kwanza Brashi, Ndoo Baadaye

Ikifika Agosti, upepo wa kusini-mashariki huingia Nkuhungu, hapa Dodoma, bila hodi. Unapita viwanja ambavyo havijajengwa, unazoa vumbi la barabara za mitaa, na kufikia adhuhuri meza uliyoifuta asubuhi inaandikika kwa kidole. Mapazia meupe tuliyanunua mara moja tu. Mwaka uliofuata mama watoto alirudi na ya rangi ya udongo, nami sikuuliza.

Zamani nilidhani kazi iko kwenye kioo. Kila Jumamosi ndoo, sabuni ya unga na tambara. Nasugua mpaka naona sura yangu, na Jumatatu vioo vimerudi kuwa vilevile. Siku moja alikuja fundi wa alumini kubadilisha magurudumu ya dirisha. Akaupiga wavu wa mbu kwa kiganja, mara moja tu, likatoka wingu. Vumbi nililokuwa nalifuta kwenye kioo lilikuwa limelala kwenye wavu, likisubiri upepo ulilete ndani.

Wagogo wa zamani walimaliza hoja hii kwa ujenzi. Tembe, ile nyumba yao fupi yenye paa bapa la udongo, iliachiwa matundu madogo tu. Sisi wa leo, hasa tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma na nyumba zikaota kila upande, tunataka dirisha pana la alumini la kusukuma, lenye vioo viwili, wavu mmoja na nondo kwa nje. Ni zuri, linaleta mwanga. Ila lina uchafu wa aina tatu: wa wavu, wa kioo na wa reli, na kila mmoja una dawa yake.

Wavu haukupigiliwa misumari. Shika fremu yake pande mbili, inyanyue izame kwenye reli ya juu, kisha ivute sehemu ya chini kuelekea kwako, itatoka. Itoe nje ikiwa kavu na uipige brashi ya kupakia rangi ya inchi 4, yenye nywele laini. Ukianza na maji unatengeneza tope, na tope likikauka ndani ya vijitundu hivyo utalitoa kwa mswaki, kijitundu kimoja kimoja. Yamenikuta. Vumbi likishapungua, laza wavu juu ya mkeka, upitishie sponji yenye sabuni kidogo, umwagie maji kutoka upande wa ndani ili uchafu utoke ulikoingilia. Usiukandamize kwa vidole, utachomoka kwenye mpira unaoushikilia, na mbu hawahitaji tundu kubwa. Stilwaya iache jikoni kwenye masufuria.

Kioo nacho kinataka brashi kwanza, kwa sababu nyingine. Vile vilima vya mawe vinavyouzunguka mji wetu ni vya matale, na matale yakimomonyoka huacha chembe za kwatzi. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, kwatzi ni 7. Kioo cha dirisha ni takriban 5.5. Maana yake, ukisugua kioo kikavu kwa tambara lenye mchanga unakikwaruza, na mikwaruzo haioshwi.

Halafu kuna maji yenyewe. Mengi yanatoka kwenye visima virefu vya Makutupora, na yeyote aliyechungulia ndani ya birika lake anajua yanaacha nini. Yakikaukia kwenye kioo yanaacha ukungu mweupe ambao sabuni haiugusi. Unataka siki: kijiko kimoja cha siki kwa viwili vya maji, paka, subiri dakika chache, futa, suuza. Isikae kwenye fremu, maana asidi hufubaza alumini. (Tunaishi mji wa zabibu, lakini siki nyingi tunayouziwa dukani haijawahi kukutana na zabibu.) Mwenye kiyoyozi akinge maji yanayodondoka kwenye bomba lake, hayana chumvi, na kwa kusuuzia kioo sijaona yanayoyashinda.

Ukungu huo ndio unaonifanya nikipende kile kifaa cha mpira wanachotumia waosha magari kufutia vioo. Kinaondoa maji kabla hayajapata nafasi ya kukauka. Umbo lake la leo, mpini wa shaba nyeupe na ulimi mmoja wa mpira, lilipewa hataza Marekani mwaka 1936 kwa jina la Ettore Steccone, mhamiaji wa Kiitaliano aliyekuwa akiosha madirisha Oakland, California. Kabla ya kununua, pima nafasi kati ya nondo zako; cha gari huwa kipana mno. Pitisha kidole kwenye ulimi wa mpira: ukiwa na pengo hata dogo, utaacha mstari kila unapovuta. Vuta kutoka juu kushuka chini, na kila mvuto ufute ulimi kwa kitambaa. Sabuni iwe matone tu. Povu jingi ni la video za mtandaoni.

Kwa dirisha la luva sahau mpira. Pale ni kanga iliyochakaa, haina manyoya na inakunja kona vizuri. Gazeti nalo hufanya kazi, ingawa wino wake huchafua fremu nyeupe. Nakushauri usome makala hii kwanza.

Fanya kazi hii kabla ya saa tatu asubuhi, au ufuate kivuli cha nyumba. Jua letu hukausha sabuni kioo kikiwa bado kwenye foleni.

Reli hutengewa siku yake, mwishoni mwa Novemba. Chini ya reli ya nje kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua, na miezi saba ya ukame huvijaza vumbi likashikamana kama saruji. Mvua yetu ya mwaka ni kama milimita 500 hadi 600, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na ikija huja kwa hasira. Zibua kwa waya mwembamba, mimina kikombe cha maji, tazama kama yanatokea nje. Mwaka juzi nilivisahau. Mvua ya kwanza ilipiga usiku, reli ikajaa, maji yakashuka ukutani taratibu bila kelele, na godoro la wageni lilikaa juani siku tatu.