Diski imejaa? Tusianze na picha za watoto

Wamama wenzetu, Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na sisi tukahamia Windows 11. Mara ordinateri ya ofisi ikaanza kulia kwamba diski imejaa. Mmoja wetu alikuwa tayari anafuta picha na hesabu za likelemba. Tukamzuia.

Kilichojaza ni Windows ya zamani, imebaki nzima katika folda Windows.old. Imewekwa ili mtu aweze kurudi nyuma. Kwa kawaida baada ya siku 10 mashine huifuta yenyewe. Tulingoja tuone kama kila kitu kinafunguka (printa ilitusumbua, kama kawaida yake), kisha tukaingia Paramètres, Système, Stockage, Fichiers temporaires, tukatia alama mstari wa Windows ya zamani peke yake. Téléchargements nayo imo katika orodha hiyo: msiiguse, barua zetu nyingi zimo.

Kama kazi ilifanywa na fundi, fungueni kwanza Windows.old, kisha Utilisateurs. Akiwa aliweka Windows mpya bila kuhifadhi mafaili, picha zenu huenda zimebaki humo tu. Zinakilini kwenye flashi kabla siku hazijaisha.