Ghala, Ufunguo na Lugha Inayongoja

Msomaji wetu mmoja anayejifunza Haskell ametuletea swali. Programu yake inasoma majina kwenye hifadhidata kwa amri ya quickQuery, inafunga muunganisho, kisha inayachapisha. Majina hayatoki. Ombi lake la SQL halina kasoro. Anauliza mbovu ni nani: hifadhidata au yeye?

Wote wazima. Habari za SQL nitaziruka, zimejaa kila mahali. Itoshe kusema kwamba hifadhidata kama PostgreSQL, MySQL na SQLite kila moja ina mlango wake, na hakuna anayetaka kuandika programu upya kila anapohama. Ndiyo maana kiolesura cha pamoja, ODBC, kilitolewa mwaka 1992, na Java ikapata JDBC mwaka 1997. John Goerzen alipoitengenezea Haskell kiolesura chake cha pamoja, HDBC, chenye amri ya quickQuery, aliufuata kwa mbali mfano wa DBI, kiolesura cha namna hiyo cha Perl. Lakini Perl ikiagizwa hutenda papo hapo. Haskell hungoja mpaka jibu lihitajike kweli.

Fikiria ghala la mahindi. Umeomba magunia, na mlinzi badala ya kukutolea amekupa ufunguo: ukihitaji gunia, nenda kachukue. Raha tupu, hubebi mzigo usio na kazi nao. Jioni mlinzi anabadilisha kufuli na kwenda zake. Usiku unataka gunia la kwanza, ufunguo haufungui. Ndiyo orodha ya msomaji wetu: ilikuwa ahadi ya majina, si majina.

Sasa geuza mambo. Usichukue ufunguo, mtume karani wako aingie na daftari. Mlinzi anamkabidhi gunia, karani anaandika, gunia linarudi, linakuja jingine. Likiisha la mwisho, mlinzi anafunga, na kinachotoka nje ni daftari peke yake. Magunia yawe kumi au milioni, karani anashika moja tu.

Hivyo ndivyo inavyofanya kazi Takusen, maktaba ya Haskell iliyoandikwa na Oleg Kiselyov na Alistair Bayley. Karani ni funksheni unayoikabidhi hifadhidata, daftari ni jumla inayokua mstari kwa mstari. Mbinu hii nitaiita mkunjo. Wapo watakaopendelea “limbikizo”, lakini limbikizo linarundika, na hapa hakuna kinachorundikwa: kila mstari unakunjwa ndani ya jumla ya iliyotangulia.

Kinachonifurahisha zaidi ni ulinzi wake. Takusen hukipiga kila kitu cha ghalani chapa isiyo na maana nje ya ghala. Karani akijaribu kutoroka na kishikizo cha matokeo, kompaila inaikataa programu hata kabla haijaendeshwa. Kosa la msomaji wetu lingekamatwa mezani kwake, si kwa mteja.



Kwako msomaji: kama majina ni mia mbili tatu, ongeza ritifaa mwishoni mwa quickQuery. Amri hiyo, quickQuery', huleta matokeo yote kabla muunganisho haujafungwa, na kuyaweka yote kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kwa majina milioni, tumia mkunjo.