Abdi na Cabdi ni jina moja: Tahajia inavyozua utata Garissa

MKAZI wa Garissa aitwaye Abdi Hassan Ali akivuka mpaka na kuingia Somalia, jina lake huandikwa Cabdi Xasan Cali. Hajabadilisha jina, wala matamshi yake hayajageuka. Kilichobadilika ni herufi tu.

Chimbuko la tofauti hiyo ni mwaka 1972, serikali ya Rais Mohamed Siad Barre ilipoidhinisha herufi za Kilatini kuwa maandishi rasmi ya Kisomali. Awali, baadhi ya Wasomali walitumia herufi za Kiarabu, na wengine maandishi ya Osmania yaliyobuniwa na Osman Yusuf Kenadid.

Kisomali kina sauti mbili za kooni ambazo hazina herufi katika alfabeti ya Kilatini. Sauti inayolingana na ‘ain’ ya Kiarabu ilipewa herufi C, na ‘ha’ nzito ikapewa X. Irabu ndefu huandikwa mara mbili. Ndiyo sababu Omar huwa Cumar, Mohamed huwa Maxamed na Farah huwa Faarax. Hata Aden Duale, aliyekuwa mbunge wa Garissa Mjini, huandikwa Aadan Ducaale.

Mageuzi hayo hayakuzihusu ofisi za Garissa, Wajir na Mandera, zilizokuwa chini ya Kenya. Huku majina yaliendelea kuandikwa kwa mazoea ya Kiingereza, kadiri karani alivyosikia. Huyu akaandika Aden, yule Adan. Huyu Abdullahi, yule Abdulahi.

Kwa desturi, Msomali hutumia jina lake, la babake na la babuye. Kwa kuwa majina mengi hurudiwa, herufi moja yatosha kuzua swali iwapo mwenye kitambulisho ndiye mwenye cheti cha shule.

Swali hilo ni zito katika eneo ambalo uraia wa wenyeji umetiliwa shaka kwa miaka mingi. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walifanyiwa msasa maalumu na serikali. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kukomeshwa kwa ukaguzi wa ziada kwa wanaoomba vitambulisho. Hata hivyo, agizo hilo halisahihishi tahajia iliyokosewa.

Wajapani nao hukumbana na tatizo kama hilo. Majina ya wageni huyaandika kwa katakana, maandishi yanayofuata sauti za Kijapani. Kwa kuwa lugha yao haitofautishi L na R, Ali husomeka ‘Ari’, na Abdi huwa ‘Abudi’. Hata hivyo, kadi ya ukaazi ya mgeni hufuata herufi za Kilatini zilizo katika pasipoti yake. Matamshi huachiwa watu, lakini tahajia rasmi ni moja.

Kwa mzazi wa Garissa, kinga ni kukagua herufi za jina la mtoto tangu cheti cha kuzaliwa, na kuhakikisha shule inazinakili vivyo hivyo. Kuchelewa kufanya hivyo humpeleka kijana kwa wakili kutafuta hati ya kiapo, kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.