KUVUNDIKA MAJANI: AKIBA YA MFUGAJI



Tutokapo nje ya miji ya hapa Uingereza wakati wa joto, huona mashambani marobota makubwa ya duara yaliyofungwa plastiki nyeusi, na watoto wetu hutuuliza yana nini ndani. Mna majani mabichi yaliyovundikwa, chakula cha ng'ombe cha wakati wa baridi, kiitwacho sileji. Kuvundika kwetu si neno geni. Ila ndizi huvundikwa ziive, na majani huvundikwa yachachuke yasioze.

Hekima ya akiba ni kongwe. Nabii Yusuf (a.s.) aliwashauri watu wa Misri wahifadhi nafaka ndani ya masuke yake kwa miaka ya njaa. Lakini nafaka hukaa kwa kuwa ni kavu. Kuhifadhi jani bichi ni elimu nyingine.

Katika karne ya 19, Mfaransa Auguste Goffart alijaribu kwa miaka mingi kufukia mahindi mabichi yaliyokatwakatwa, na mwaka 1877 akatoa kitabu juu ya kazi hiyo. Habari zikaenea hadi Marekani na Uingereza, ambako mvua ziliharibu mara kwa mara majani yaliyoanikwa. Baadaye Mfini Artturi Virtanen alionyesha kwamba kuyatia majani asidi kidogo huzuia virutubisho visipotee. Mwaka 1945 alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Kemia.

Siri yenyewe ni nyepesi. Majani yakishindiliwa na kunyimwa hewa, vijidudu hugeuza sukari yake kuwa asidi, kama maziwa yanavyoganda, na asidi hiyo huzuia uozo. Hewa ikipenya, ukungu huingia na kazi yote hupotea.

Kwa nini tunayaandika haya? Kwa sababu wengi wetu tuna jamaa nyumbani wenye ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa. Kila kiangazi majani hukauka, maziwa hupungua, na barua au simu hutufikia: tumeni fedha za majani. Nasi hutuma, na mwaka ufuatao hali ni ile ile.

Tuwashauri wavundike wakati wa mvua. Mahindi yakatwe punje zingali laini, au matete kabla hayajakomaa. Yakatwekatwe vipande vya sentimita 2 hadi 3. Matete yanyunyiziwe molasi. Yashindiliwe kwa miguu shimoni penye mwinuko, au katika mfuko mzito wa plastiki. Kisha yafunikwe barabara na kuwekewa udongo juu. Baada ya wiki sita hivi yatakuwa tayari. Yenye ukungu yatupwe, mnyama asipewe.

Fedha ya turubai moja la plastiki, ikitumwa mapema, huenda ikafaa kuliko fedha nyingi zitumwazo wakati wa dhiki. Tusingoje simu ya kiangazi.

Wabillahi tawfiq.