Wati za Kwenye Boksi

Katika maduka ya Kariakoo, na yale ya mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, amplifaya huuzwa kwa namba. Boksi limeandikwa wati 5,000 PMPO kwa herufi nene, na mnunuzi hutoka dukani akiamini amebeba ngurumo. Kumbe ukweli uko nyuma ya chombo chenyewe, karibu na waya wa umeme, kwa maandishi ya kukodolea macho: kinakula wati 60. Hakuna mashine inayotoa nguvu mfululizo zaidi ya inayolishwa.

PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kitambo kidogo, haina kipimo kimoja kinachokubalika, kwa hiyo kila kiwanda hujipigia hesabu yake. Namba ya kuamini ni ya RMS, yaani nguvu inayotolewa mfululizo, na hata hiyo isomwe na masharti yake: ni kwa spika ya omu ngapi, na sauti ikiwa imechafuka kwa kiasi gani? Wati 50 zilizopimwa sauti ikiwa imepotoka kwa asilimia 10 ni wati za kupigia kelele tu.

Na kwa kweli sebule haihitaji nyingi. Mwaka 1978 kampuni ya NAD ilitoa amplifaya ya bei nafuu, 3020, yenye wati 20 tu kwa kila upande. Ikauzwa mno, na hadi leo kuna wanaoitafuta. Sikio halihesabu wati kama mfuko unavyohesabu shilingi: nguvu ikiongezwa maradufu, sauti hupanda desibeli 3, ongezeko linalosikika bila kushtua. Ili muziki uonekane umekuwa mkubwa mara mbili, wati zinapaswa kuzidishwa takribani mara kumi. Anayeongeza fedha ili atoke wati 40 afike 50 ananunua desibeli moja.

Desibeli za bure ziko kwenye spika. Nyingi huandikwa wepesi wake, yaani sauti inayotoka kwa wati moja ikipimwa umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 92 ikilishwa wati 10 hulia sawa na ya desibeli 86 iliyolishwa wati 40. Ndiyo maana mwenye bajeti finyu hufanya vyema kuchagua spika kwanza, azipe sehemu kubwa ya fedha, kisha amplifaya ifuate.

Kwa kitakachobaki, vile viboksi vya daraja D vinavyoenea kiganjani havistahili dharau. Hupoteza umeme kidogo sana kwa joto, na vingi hupokea muziki wa simu kwa Bluetooth. Ila navyo vina chumvi yake. Kiboksi kinachotumia adapta ya volti 24 hakiwezi kuipa spika ya omu 8 zaidi ya wati 36 safi, hata kama usoni kimeandikwa 100. Kikilazimishwa, vichwa vya mawimbi hukatwa, sauti hukwaruza, na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ndiyo huungua kwanza. Watu wengi hudhani spika huuawa na amplifaya kubwa. Mara nyingi muuaji ni ndogo iliyofunguliwa hadi mwisho.

Mtumba nao una utamu wake, mradi mnunuzi asome volti kabla ya bei. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutaka volti 100, ya Marekani 120. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa Dar es Salaam, volti 230, moshi hutangulia muziki. Transfoma ya kushusha volti lazima iingie kwenye hesabu.

Baada ya hapo ni kuiwasha bila wimbo na kutega sikio: mngurumo mzito usiokoma mara nyingi hutokana na kapasita zilizochoka, na kuzibadilisha ni gharama. Kitufe cha sauti kinachokwaruza kikizungushwa aghalabu kina vumbi tu. Dawa ya kupuliza hukisafisha, lakini muuzaji halazimiki kulijua hilo kabla bei haijashuka.